Dawa Niliyompelekea Dada Yangu Kyuso

Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa Sultan Hamud, nikimweleza dereva wa lori jinsi ya kumeza dawa ya minyoo, simu ilipolia. Alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, na shemeji si mtu wa kupiga simu mchana wa kazi. Alisema bodaboda aliyokuwa amepanda dada imeteleza kwenye mchanga wa mto mkavu na kumwangukia. Mfupa wa paja umevunjika. Wako njiani kuelekea hospitali ya Mwingi.

"Anaongea?" nikamuuliza.

"Anaongea. Anauliza ni nani atasahihisha mitihani ya watoto."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mwalimu wa gredi ya sita huko Kyuso, na wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba yetu, mimi kitinda mimba, na kati yetu kulikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alipofariki mimi sikuwa nimeanza shule. Dada ndiye aliyenisuka nywele, akanifundisha kusoma kwa vipande vya magazeti yaliyofungiwa sukari, akakataa posa mbili kwa sababu wachumba hao hawakutaka niende naye. Shemeji alikuwa wa tatu. Dada alimwambia, "Mimi nina mtoto," akanisukuma mbele, na shemeji akasema mtoto hawezi kuwa tatizo. Dada hakuniita kwa jina langu. Aliniita mwanaa-mwaitu, mtoto wa mama yangu, kama sisi Wakamba tunavyoitana tukitaka kukumbushana kwamba tumbo lililotuzaa ni moja. Ninayaeleza haya ili ijulikane kwamba dada aliponiomba kitu, sikuwa na mdomo wa kukataa.

Walimtia chuma kwenye paja. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alipewa magongo mawili na bahasha ya kapsuli za tramadoli, dawa ya maumivu iliyo katika ukoo mmoja na afyuni. Daktari aliandika siku chache tu. Nilikwenda kumwona mwisho wa juma hilo, nikamkuta ameegemea mito, uso umetakata.

"Hii dawa yenu," akaniambia, "sijui mmeweka nini ndani. Maumivu yanaondoka, na kitu kingine kinaondoka pia. Ule wasiwasi wangu wa kila siku, unaujua? Umelala."

Nilicheka. Chuoni tulifundishwa kwamba mgonjwa akisifu dawa ya maumivu kwa kitu kisichokuwa maumivu, usikilize vizuri. Nilisikiliza kama mdogo wake, si kama mtu wa dawa. Nilifurahi kumwona amepumzika, kwa sababu katika maisha yangu yote sijawahi kumwona dada yangu akikaa bila kazi mkononi.

Bahasha ilipoisha, paja lilikuwa bado linauma, na alikuwa na haki ya kuumwa. Aliniomba nimtafutie nyingine. Dawa hiyo haiuzwi bila karatasi ya daktari, na sikuwa na karatasi. Lakini funguo za kabati nilikuwa nazo mimi, na kwenye daftari niliandika jina la mgonjwa ambaye hakuwepo. Nikazifunga ndani ya pakiti ya majani ya chai, nikampa mama mmoja tuliyesali naye kanisa moja, aliyekuwa akisafiri kwenda Mwingi kuuza vitenge. Jioni dada alipiga simu kuniombea baraka.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hakuna sehemu ninayoweza kunyoosha kidole na kusema hapa ndipo nilipopaswa kushtuka. Kila ombi lilikuwa dogo, na kila ombi lilikuwa na sababu. Baridi ya Julai imefanya chuma kiumize. Wiki ya mitihani atasimama sana. Kuna mazishi ya jirani na atatembea hadi kaburini. Alirudi shuleni na magongo, kisha na gongo moja, kisha akalitupa hilo nalo. Mfupa uliunga vizuri kabisa. Nilishika eksrei yake mikononi mwangu nikaitazama juani. Mguu ulipona, na kapsuli zikaendelea.

Mwanzoni zilimfaa, lazima niseme ukweli huo. Alisahihisha madaftari akiimba. Alifua mapazia yote ya nyumba. Kwaya ya kanisa ilimrudisha mstari wa mbele. Shemeji aliniambia kwa simu kwamba mke wake amekuwa kama msichana. Halafu kimya kimya ile furaha ikapungua, akaongeza idadi ili kuirudisha. Ikarudi siku chache, ikapungua tena. Mwili ndivyo ulivyo: ukiupa kitu kila siku unakizoea, unaacha kukishukuru, na baadaye unakidai. Hilo nililijua. Lilikuwa kwenye swali la mtihani wangu wa mwisho, na nililijibu vizuri.

Siku moja niliamua kuchelewesha. Sikutuma chochote kwa juma zima, nikasingizia kwamba mzigo haujafika dukani. Siku ya tatu alinipigia. Sauti ilikuwa yake lakini maneno hayakuwa yake.

"Unanifanyia makusudi."

"Dada, mzigo haujafika."

"Usinidanganye. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo, nakujua unavyomeza mate." Nikamsikia akipiga miayo, mmoja baada ya mwingine, miayo mirefu isiyokuwa ya usingizi. "Mwanaa-mwaitu, pua inatiririka. Machozi yananitoka na silii. Ngozi imesimama kama kuku aliyenyonyolewa, na ni jua la saa saba. Tumbo linaendesha. Miguu yote miwili inataka kutembea nikiwa nimelala. Hata siku ile ya mchangani sikuumia hivi."

Hapo nikajua, na yeye pia akajua, kwa sababu alisema neno ambalo sijalisahau: "Zamani nilikuwa nameza nipone. Sasa nameza nisiugue."

Nilituma kesho yake. Ningeweza kuandika kwamba nilituma kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini kulikuwa na woga pia. Niliogopa aende hospitali akaulizwe ni nani anayempa.

Kule kwetu watu wanamfahamu mlevi. Ananuka chang'aa, analala kando ya barabara, watoto wanamwimbia. Wanamfahamu anayetafuna majani ya muguka hadi macho yakatoka. Mtu wa vidonge hawamfahamu. Dada yangu alinuka sabuni. Aliwahi shuleni kabla ya kengele, blauzi imepigwa pasi. Alipoanza kusinzia darasani walisema ni uchovu. Alipokonda walisema ni mawazo. Alipowafokea watoto hadi mmoja akajikojolea, walisema ni mguu unamsumbua, na mchungaji akaja na wazee wa kanisa wakaweka mikono juu ya lile paja lililopona, wakaliombea sana. Dada alisema amina. Baadaye aliniambia kwamba wakati wote wa maombi alikuwa akifikiria bati la maziwa lililokuwa jikoni, mahali alipoficha kapsuli, na kama wageni watataka chai.

Nilidhani mimi ndiye chanzo pekee. Sikuwa. Alikuwa amepata duka jingine Mwingi ambalo halikuuliza maswali, na mtu fulani sokoni aliyeuza zisizokuwa na jina kwenye karatasi ya plastiki. Nililijua hilo siku alipoanguka.

Ilikuwa Julai ya mwaka uliofuata, katika somo la hesabu, saa nne asubuhi. Watoto walisema mwalimu aligeuka kuandika ubaoni, chaki ikamtoka mkononi, akaanguka chali na kuanza kurusha miguu, povu likamtoka. Walidhani ni kifafa. Msichana mmoja alivua sweta akamwekea chini ya kichwa. Nilifika hospitali siku ya pili, nikamkuta ameuma ulimi, hawezi kunitazama. Daktari kijana, mpole, alinivuta pembeni.

"Hizi kapsuli zikizidi zinaleta degedege," akasema. "Anasema anameza mbili kwa siku. Mimi siamini. Wewe unaamini?"

Nilijibu kwamba siamini. Hakuniuliza nafanya kazi gani.

"Asiache ghafla," akaendelea. "Apunguze kidogo kidogo, akiwa na mtu wa kumsimamia. Kuna kliniki za watu wa aina hii Nairobi na Pwani, lakini huku kwetu hakuna. Nitamwandikia barua, ila nakuambia kama ndugu, wengi hawafiki."

Dada hakutaka kusikia habari ya kliniki. Mwalimu wa watoto wa watu, aonekane amepanga foleni na vijana wa sindano? Mwalimu mkuu alikuwa na utu. Alimwandikia ruhusa ya ugonjwa hadi mwisho wa muhula. Nikamwambia shemeji kwamba nitamchukua, nitakaa naye likizo yote ya Agosti katika chumba changu Sultan Hamud, na nitampunguzia mimi mwenyewe. Ndipo nilipomweleza shemeji ni kitu gani hasa kinachomsumbua mke wake. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hizo dawa alikuwa anatoa wapi?" Nikamwambia, "Huku na kule."

Agosti hiyo sitaisahau. Nilimpa kapsuli kwa mkono wangu asubuhi na jioni, na kila baada ya siku chache nikapunguza. Alinichukia. Alinitukana kwa Kikamba matusi ambayo sikujua anayajua. Alipekua magodoro, viatu vyangu, mkoba wangu, hata mfuko wa unga. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta ameketi sakafuni, amejifunga blanketi kwenye joto lile, malori ya barabara kuu yakitetemesha dirisha, akaniambia kwa upole kabisa, "Nilikulea ili uje unitese hivi?" Nikaenda bafuni kulia, nikafungua mfereji ili asinisikie, na maji hayakuwepo, kwa hiyo akanisikia. Nilipotoka alikuwa amesimama mlangoni. Akanifuta uso kwa kona ya blanketi lake.

Siku ya mwisho ya kapsuli ilipita, zikafuata siku mbaya, halafu zikafuata siku ambazo hazikuwa nzuri wala mbaya. Akaanza kula. Aliomba muthokoi, nikatafuta mahindi yaliyokobolewa, nikayapika na kunde hadi yakalainika, akala sahani mbili. Alipopanda gari la kurudi nyumbani alikuwa mwembamba, amezeeka, lakini macho yalikuwa yake. Alinishika mkono dirishani akasema, "Sitarudi huko tena." Nikamwambia, "Najua."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kuna kitu nilichokijua na ambacho sikumwambia. Mwili uliozoea dawa hizi unaweza kubeba kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Lakini ukikaa bila dawa, hata kwa majuma machache tu, unapoteza nguvu hiyo ya kubeba. Tamaa inakumbuka kipimo cha zamani, na mwili umeshakisahau. Anayeanguka tena na kumeza kama alivyokuwa akimeza siku zile, anameza kifo. Tulifundishwa hivyo chuoni kwa maneno mepesi. Ndiyo maana wanaotoka gerezani, wanaotoka kanisani baada ya maombi ya kufunga, wanaotoka kwenye uangalizi wa ndugu, hufa ghafla wakati kila mtu ameshashukuru.

Nilikuwa na siku zote za Agosti za kumwambia. Nilikaribia mara nyingi. Siku ya muthokoi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilihofia kwamba kumwambia "ukirudia, usimeze kama zamani" ni sawa na kumwambia "utarudia." Ningekuwa nimemfungulia mlango kwa mkono wangu. Nilitaka aone kwamba namwamini. Kwa hiyo nilinyamaza, na nikajiita mwenye imani.

Miezi ilipita. Alirudi darasani muhula wa tatu. Tulizungumza kila Jumapili. Mvua ya Oktoba ilichelewa, ikaja Novemba, na watu wote wa Kyuso wakaingia shambani kupanda ndengu. Dada aliingia pia, ingawa shemeji alimkataza. Aliteleza kwenye tope, akautonesha ule mguu wenye chuma. Aliniambia kwa simu kwamba umevimba kidogo.

"Umemeza nini?" nikamuuliza.

"Panadoli. Usianze."

"Sijaanza, dada."

"Umeanza. Nasikia unavyomeza mate." Tukacheka.

Jumapili iliyofuata walikwenda kanisani. Aliketi nyuma kwa sababu ya mguu. Walirudi nyumbani, akapika, wakala. Saa nane mchana akasema maumivu yanamsumbua na hajalala vizuri siku tatu, atajinyoosha kidogo. Shemeji alikuwa uani akitengeneza mpini wa jembe. Alimsikia akikoroma, mkoromo mzito wa kuvuta, unaokatika na kuanza tena. Kuku walikuwa wakipiga kelele karibu na dirisha. Shemeji aliwafukuza, akaingia polepole, akarudisha mlango wa chumba ili mke wake asisumbuliwe. Saa kumi binti yao alikwenda kumwita mama yake anywe chai.

Kwenye mfuko wa sweta lake la kanisani walikuta karatasi ya plastiki ya kubonyeza iliyobaki na kapsuli mbili, na vidonge vya usingizi vya mtu mwingine. Shemeji alinionyesha. Nilizihesabu nafasi zilizokuwa tupu. Kilikuwa kipimo chake kilekile cha Julai.

Kanisani walitangaza kwamba mwalimu ameugua kwa muda mfupi. Baba yetu, ambaye ni mzee na haoni vizuri, aliambiwa ni moyo, na mpaka leo anawaambia watu kwamba ukoo wetu una moyo mdogo. Wanafunzi wa gredi ya sita walikuja wamevaa sare, wakaimba wimbo aliowafundisha yeye, wakasahau ubeti wa tatu, wakatazamana.

Siku nne baada ya mazishi wageni walikuwa wameondoka. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akichambua mbegu za ndengu zilizobaki, maana nusu ya shamba ilikuwa bado haijapandwa. Niliketi karibu naye, nikachukua ungo. Tulichambua muda mrefu.

"Nataka kuuliza kitu," akasema. "Zamani alikuwa anameza hizo hizo, nyingi, na hakufa. Mbona safari hii amekufa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, jinsi mwili unavyozoea na jinsi unavyosahau, na kwamba kukoroma kule ndiko kulikokuwa kufa kwenyewe, pumzi ikishindwa kidogo kidogo, na kwamba mtu akiwahi kumwamsha, kumlaza ubavu na kukimbilia hospitali yenye dawa ya kumzindua, mara nyingine anapona. Nilikuwa naongea kama niko mbele ya mwalimu wangu. Halafu nikamwambia pia zile kapsuli za kwanza zilitoka wapi, na pakiti ya majani ya chai, na daftari.

Shemeji aliacha kuchambua. Hakunitazama.

"Hili la mwili kusahau. Ulilijua Agosti?"

"Nililijua."

"Ukaogopa kumwambia."

"Niliogopa nitamrudisha."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa hesabu. "Hilo naweza kulielewa. Yeye ungeogopa kumwambia." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lakini mimi? Mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani. Mimi ndiye niliyemsikia akikoroma. Nilifurahi, shemeji. Nilisema, leo amepata usingizi. Nilifunga mlango."

Katika siku zote zile nilizokuwa nikipima kama nimwambie dada au nisimwambie, haikunijia hata mara moja kwamba kulikuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

Asubuhi alinisindikiza hadi stendi akiwa amenibebea mkoba, kwa sababu ni mtu wa heshima. Aliuweka ndani ya gari, akanipungia mkono. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Binti yao alikuwa akinijibu ujumbe, neno moja moja, kisha naye akaacha. Duka la dawa niliacha mwaka huohuo. Nilimwambia mwenye duka kuhusu daftari, akaniomba niondoke bila kelele, nikaondoka. Nasikia shemeji alimaliza kupanda peke yake, na kwamba msimu ule mvua ilikatika mapema, ndengu hazikutoa kitu.